Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayetaka kusoma Kilatini nyumbani

Mpwa wangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma, na wa mama yako pia, ambao ulikuwa mrefu kuliko wako. Wewe unataka kufanya GCSE ya Kilatini, ule mtihani wa sekondari wa hapa Uingereza, ingawa shule yenu haina mwalimu wa somo hilo. Yeye anataka nikukataze. Sikukatazi. Ila umeshanunua kamusi na sasa unaniuliza ukariri nini kwanza, na hapo ndipo tunapotofautiana. Kabla hujakariri neno hata moja, tafuta mahali pa kukalia mtihani.

Vijana ninaowaona hapa Uingereza wakijisomea nyumbani hawaangushwi na Kilatini. Wanaangushwa na mwezi wa Februari. Usajili wa mitihani ya kiangazi hufungwa mwezi huo, na vituo vinavyopokea watahiniwa wa kujitegemea mara nyingi huwafungia mapema zaidi. Ukichelewa unalipa nyongeza, au unaambiwa nafasi zimejaa, na mwaka umeondoka. Anza na shule yako. Kila shule ina ofisa wa mitihani. Mwandikie kwa adabu, umuulize kama watakubali kukusajili kwa somo wasilolifundisha. Wakikubali, utafanyia mtihani ukumbini kwenu na wenzako. Wakikataa, ndipo uende vituo vya nje, na kitambulisho chenye picha mkononi, na mama yako awe tayari kulipa. Mimi nilifanya nikiwa mtu mzima, katika shule ya watu. Nilipoingia ukumbini watoto wote wakanyamaza, wakidhani ni msimamizi.

Kituo ndicho kitakachokuchagulia bodi ya mitihani, yaani wanaotunga na kusahihisha. Kilatini kinatahiniwa na bodi mbili, OCR na Eduqas, na usipoteze usiku kuzilinganisha. Kote lugha ni nusu ya alama, nusu nyingine ni fasihi na maisha ya Warumi. Eduqas inakuruhusu kuchukua karatasi ya ustaarabu wa Kirumi badala ya karatasi moja ya fasihi. OCR nayo inayo karatasi ya fasihi na utamaduni pamoja. Kizuri zaidi kwako ni kwamba hakuna kazi za darasani zinazohesabiwa, kila kitu huishia chumba cha mtihani. Ndiyo maana somo hili linawezekana kwa mtu asiye na mwalimu. Jihadhari na jambo moja tu: matini za fasihi hubadilishwa, kwa hiyo usinunue kitabu cha mtumba mpaka uhakikishe ni matini za mwaka wako wa mtihani. Msamiati wa lugha ni maneno zaidi kidogo ya 400, bodi inaiweka orodha wazi, na neno lililo nje ya orodha hutafsiriwa kwenye karatasi yenyewe. Kamusi yako haitaingia nawe.

Haya, sasa Kilatini.

Wenzako wanaozungumza Kiingereza peke yake watateseka na mambo ambayo wewe umeyanyonya kwa mama. Watashangaa kwamba kitenzi kimoja, *portaverunt*, kinabeba mtenda, wakati na tendo, wakati wewe unasema *walibeba* bila kufikiri. Wataambiwa kivumishi kipatane na nomino na wataona ni mateso. Wewe tangu hujaota meno unajua kisu ni kikali na visu ni vikali. Kisha watakutana na *agricola bonus*, mkulima mwema, na kulalamika kwamba miisho haifanani. Hapo ucheke. Kiongozi ana umbo la ki- na vi-, lakini hatusemi kiongozi chema, tunasema kiongozi mwema, viongozi wema, kwa kuwa ni mtu. *Agricola, agricolae* ni mchezo huohuo: umbo la ngeli moja, upatanisho wa nyingine. Hata ile sura ya kitenzi inayowatoa jasho walimu, *venio ut videam*, wewe unayo mdomoni: nakuja ili nione. Irabu ya mwisho inageuka kwao, inageuka kwetu.

Lakini Kiswahili kitakutupa mahali pamoja, na ni mahali pakubwa. Sisi nomino yetu haibadiliki kwa sababu ya kazi inayoifanya katika sentensi, labda tuhesabu ile -ni ya bustanini na nyumbani. Msichana anamwona mbwa, mbwa anamwona msichana: mpangilio ndio unaokuambia nani kamwona nani. Kwa Mrumi, *puella canem videt* na *canem puella videt* ni habari moja, msichana anamwona mbwa, kwa sababu *canem* imeshavaa mwisho wa mtendwa. Saa zako nyingi ziende hapo. Kitabu kinachotumika sana, Cambridge Latin Course, kinakufikisha huko polepole kwa hadithi za Pompeii. Ni hadithi tamu, na yule Caecilius wa kitabu cha kwanza alikuwa mtu wa kweli, mwenye biashara ya fedha, ambaye vibao vyake vya stakabadhi vilifukuliwa mwaka 1875. Lakini kwa asiye na mwalimu naona kinachelewesha majedwali ya miisho ya maneno. Wewe yaandike yote mapema, bandika ukutani, yasome kwa sauti kila siku kama watoto wa chuoni wanavyopokezana alifu, mpaka mdogo wako naye ayajue.

Matamshi yasikusumbue. Irabu zetu zinatosha, na hakuna mtihani wa kuzungumza. Babu yako, aliyetumikia misa Morogoro kabla ya Mtaguso wa Vatikani wa 1962 hadi 1965 kufungua njia ya misa ya Kiswahili, atakusahihisha ukisema Kaisar, kwa kuwa yeye alifundishwa Chezar. Hiyo ni ya kanisani, yako ni ya kale. Msibishane naye, mtamaliza chai.

Na huyo mjomba wako mwingine anayesema hivi ni vitu vya wazungu, mwambie Augustino, yule mtakatifu na mwandishi, alizaliwa mwaka 354 Thagaste, katika Algeria ya leo, na Apuleius, mtunzi wa hadithi, alitoka Madauros, hapohapo jirani. Walijifunza Kilatini wakiwa Waafrika na wakakiandika kuwashinda wengi wa Roma. Asiposhawishika, mwache.

Ukianza kufasiri vifungu, usikimbilie neno la kwanza. Tafuta kitenzi, mara nyingi kimekaa mwishoni, ukiulize ni nani anayetenda na ni wangapi, kisha urudi nyuma kumtafuta mwenyewe. Kifungu cha kwanza kikikushinda nitumie picha ya daftari, pamoja na ulivyojaribu, hata kama ni ovyo. Wiki hii niko zamu ya usiku, kwa hiyo piga baada ya saa nane mchana.

Mjomba wako