Barua zilizolala mezani

Mbeya

Mwenzangu mpendwa,

Habari za Makete na baridi yake? Umeuliza kwa nini maafisa ugani wako wanawahi kusaini daftari la mahudhurio, kisha ikifika saa nne hawaonekani.

Daftari linakuambia nani amefika tu. Mwaka 1991 watafiti Meyer na Allen walitofautisha sababu tatu za mtumishi kubaki kazini: kuipenda taasisi, kuona ni wajibu wake kubaki, na kuogopa atakachopoteza akiondoka. Kwetu serikalini, kwenye ajira ya kudumu na pensheni, anayebaki kwa sababu hiyo ya tatu haondoki hata moyo wake ukishahama. Ukimkaripia atanyamaza, basi.

Kwa hiyo anzia mezani kwako. Mtumishi wa kata akiomba uhamisho, likizo au malimbikizo, barua hupitia kwako. Ikilala wiki tatu, anaifuata mwenyewe: nauli yake, siku nzima barabarani, na mkulima anakuta ofisi ya kata imefungwa. Saa zako zinapotelea hapo. Andika maoni ndani ya siku 3, na kama hukubali, taja sababu. Jibu la "hapana" lenye sababu huvumilika. Ukimya ndio unaomvunja mtu moyo.

Likizo ni siku 28 kwa mwaka, na nauli yake hulipwa kila baada ya miaka miwili. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo ratiba ya likizo iwe tayari kabla ya makisio ya bajeti. Ukiipanga baada ya hapo, nauli inageuka deni, na deni hilo watu hulikumbuka kila unapowaomba wabaki jioni.

Kwenye PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, usikubali mtu anakili majukumu ya jirani yake. Kaa na kila mmoja dakika 20. "Kutembelea wakulima" hakupimiki. "Kutembelea wakulima 12 wa viazi kila wiki" kunapimika, ila uliza kwanza pikipiki inapata lita ngapi. Mafuta yakipungua, punguza lengo na uandike sababu. Kumpa alama ndogo mtu uliyemnyima mafuta ni dhuluma, na idara nzima itaijua kabla ya jioni.

Nitumie orodha ya barua zote zilizo mezani kwako sasa, kila moja na tarehe iliyofika. Tuanze na ya zamani kuliko zote.

Wako,
Rafiki yako wa Mbeya