Chembe za fedha zisiuzwe kama dawa ya kunywa

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie chembe ndogo mno za madini ya fedha zinazotengenezwa kwa msaada wa mimea, ambazo watafiti wengi wanazitazama kama silaha dhidi ya bakteria sugu. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa si jambo la kupuuzwa: inakadiriwa kwamba mwaka 2019 pekee usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani.

Majani ya mwarobaini huchemshwa, maji yake yakachujwa na kuchanganywa na naitreti ya fedha, yaani chumvi ya fedha inayoyeyuka katika maji, na rangi inapogeuka kutoka manjano hafifu kuwa kahawia, hiyo ni dalili kwamba chembe zimeanza kuundika, kwa kawaida zikiwa chini ya nanomita 100 (nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Chembe hizo hutoa ayoni za fedha, yaani atomi zenye chaji ya umeme, zinazoharibu utando wa bakteria na kuvuruga protini zao, yaani hushambulia sehemu kadhaa kwa pamoja.

Hata hivyo, wanaodai kwamba bakteria hawawezi kuizoea fedha wanapotosha umma, kwani wapo ambao tayari wana jeni za kuihimili. Isitoshe, kunywa fedha kwa muda mrefu huweza kugeuza ngozi kuwa ya kijivu, na rangi hiyo haiondoki.

Nawasihi wauza dawa wasizinadi kama tiba ya kunywa. Fedha imetumika kwa miaka mingi katika malhamu ya majeraha ya moto, na huko ndiko majaribio ya chembe hizi yaelekezwe kwanza.

Msomaji wako,
Morogoro