Bila bia mdomo wangu haufunguki mbele ya mwanamke

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 33, ni fundi wa injini za boti hapa Kirumba, Mwanza. Sijaoa wala sina mchumba. Nakuandikia wewe kwa sababu washkaji zangu siwezi kuwaeleza, na wao wamo ndani ya jambo lenyewe.

Kazini sina aibu. Akina mama wa dagaa pale mwaloni nabishana nao bei, natania nao, na hata wale wakali tunaelewana. Ila mwanamke nikishampenda tu, ulimi unakuwa mzito. Nilipokuwa nakaa Buhongwa, kuna dada tulikaa naye siti moja kwenye daladala mpaka mjini, na zaidi ya "habari za asubuhi" sikumwambia neno.

Rafiki zangu wengi ni wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti kitu, boti zinapumzika. Siku hizo ndizo zao za kula bata, na mimi hunibeba, wanasema sipati mke kwa sababu sitoki. Safari zenyewe sizichukii. Ile jioni meli ikiondoka, mawe ya Mwanza yakibaki nyuma na wenzangu wakiimba, huwa nafurahi kweli.

Mwezi wa tatu tulikwenda Nansio, Ukerewe. Usiku tukaingia kwenye muziki. Nilikaa pembeni na soda yangu mpaka saa nne, ndipo wakaanza kunisukumia bia. Ya nne ilinifungua mdomo. Nikamfuata dada mmoja aliyekuja na mdogo wake, tukacheza, kisha tukatoka kukaa nje, tukaongea mpaka saa nane. Ni mwalimu wa shule ya msingi hukohuko kisiwani. Alinihadithia mama yake na michungwa yake, jinsi anavyoamka alfajiri kuikagua kama watoto. Mimi nikamweleza habari za marehemu baba, ambazo sijawahi kumwambia mtu. Sikumgusa, shangazi. Nilitaka tu aendelee kuongea.

Tukapeana namba. Kesho yake nikiwa ndani ya meli akapiga. Nikaitazama simu mpaka ikakatika. Kichwani nilikuwa najiambia kwamba aliyempendeza ni yule wa jana, yule aliyelewa, na akinisikia mimi huyu atashangaa amepiga kwa nani. Jumatano akapiga tena, halafu akatuma meseji: "Ulifika salama?" Sikujibu. Ni miezi mitatu sasa, na meseji ile sijaifuta.

Kuna na jambo la pili, nalo ndilo linaloninyima usingizi zaidi. Tangu Ukerewe, kila penye mkusanyiko nakunywa mbili kwanza ili niweze kusema na watu. Nimefanya hivyo hata kwenye harusi ya binamu yangu kule Igoma, saa kumi jioni, nyuma ya ukumbi, peke yangu. Baba yangu pombe ndiyo iliyommaliza. Mama anasema baba naye alianza hivihivi, alikuwa mtu mkimya.

Sasa mbalamwezi ijayo wanataka twende Bukoba na meli ya usiku, tukae siku tatu. Mchango ni laki na nusu, na nusu yake wameshanilipia. Wananiambia ya Ukerewe yameshapita, Bukoba nitapata mwingine. Mimi mwingine simtaki. Najua pia nikifika kule nitakunywa, maana bila hivyo nitakaa pembeni siku zote tatu na wao wataona nawaharibia safari. Nikikataa watanuna, na hawa ndio walionizikia baba.

Shangazi, mtu aliyenyamaza miezi mitatu anampigiaje mwanamke simu, aanze na neno gani? Nimwambie ukweli kwamba usiku ule nilikuwa nimelewa, au nitakuwa nimemvunja moyo? Nimefikiria kupanda meli ya Nansio peke yangu, mchana, bila kuonja kitu, nikamwombe radhi ana kwa ana. Lakini akinikuta mzito wa maneno kama nilivyo, nifanyeje pale nitakapokwama? Na hawa wenzangu niwaambie nini kuhusu Bukoba na kuhusu pombe bila kuwaonyesha nawadharau?

Naomba unijibu kabla mwezi haujajaa.

Fundi wa Kirumba,
Mwanza