Asante kaka wa jezi ya Coastal

Jamani yule kaka uliyekua na jezi ya Coastal Union pale Ngamiani, jina sikukuuliza ila nakushukuru mno. Sidii ilinasa kwenye redio ya gari, fundi akasema tuivunje itoke tu, we ulikua unapita zako ukasimama, ukaomba bisibisi ndogo, ukaifungua redio taratibuu mpaka sidii ikatoka haina hata mkwaruzo, hafu hela ukakataa!

Sasa nikwambie ulichookoa. Hiyo ni Is This It, albamu ya kwanza ya The Strokes, bendi ya roki ya vijana watano wa New York, ya 2001. Tanga hii watu wanataka taarabu na singeli (mi navipenda vyote bwana, msinianze), ila haya magita mawili yanavyojibizana, Valensi huku Hammond kule, we acha tu. Na sauti ya mwimbaji wao Casablancas imeachwa inakwaruza makusudi, kama mtu anakupigia simu yuko ndani ya basi, prodyusa wao Gordon Raphael hakuing'arisha na kwangu mi ndo utamu wenyewe. Haifiki hata dakika 40, ukitoka mjini kwenda Muheza inaishia njiani naanza upya.

Kaka ukiliona hili jioni nakuwaga barazani, pita tunywe kahawa na kashata, na kama una spika njoo nayo, hizi za gari besi ya Fraiture, mpiga besi wao, zinaionea.