Mkanda wa zamani wa vichekesho: usiutie kwenye projekta kwanza

Wateja wanaotuletea mikanda ya sinema bubu tuiskani hutuuliza, "Hii si ipo tayari mtandaoni?" Mara nyingi ndiyo, ipo. Ila kwa vichekesho vifupi vya rili (gurudumu la mkanda) moja au mbili, vile vya polisi kukimbizana na watu kupigana keki za uso, kopi ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya kutazamwa nyumbani huweza kuwa ndiyo iliyosalia. Imeshatokea. A Thief Catcher ya 1914, ambamo Chaplin mwenyewe ni polisi, ilikutwa kwenye kopi ya mkanda wenye upana wa milimita 16 iliyonunuliwa miongoni mwa vitu vya kale huko Michigan, Marekani. Rili ya pili ya The Battle of the Century ya Laurel na Hardy (1927), yenye ile vita ya keki, ilipatikana nzima mwaka 2015, nayo pia kwenye milimita 16. Hats Off, waliyoitengeneza wawili hao mwaka huohuo wa 1927, mpaka leo haijulikani iliko.

Kopi za majumba ya sinema zilikuwa za milimita 35, kwenye nitrati ya selulosi, plastiki inayoshika moto upesi. Nitrati inapoungua hujitolea oksijeni yenyewe, kwa hiyo hata ukiizamisha kwenye ndoo ya maji inaendelea kuwaka, na moshi wake ni sumu. Ghala la kampuni ya sinema ya Fox la Little Ferry, New Jersey, liliteketea Julai 1937 katika siku za joto kali, likaondoka na sehemu kubwa ya sinema bubu za kampuni hiyo. Harold Lloyd, aliyejali kazi zake kuliko wachekeshaji wengi wa wakati wake, alipoteza nyingi za mwanzo kwa moto uliozuka mwaka 1943 kwenye ghala lililokuwa nyumbani kwake.

Hata hivyo moto husingiziwa mengi. Mikanda mingi iliangamizwa na wenyewe. Sauti ilipoingia kuanzia 1927, kichekesho bubu cha rili mbili kilikosa mnunuzi, na huku kodi ya ghala na bima ya moto vinadaiwa kila mwaka. Kitu pekee kilichobaki na bei ni madini ya fedha yaliyomo kwenye tabaka la picha, ambayo huweza kutolewa na kuuzwa. Kampuni ya Universal iliziharibu negativu zake (mikanda inayotolewa kopi) za sinema bubu mwaka 1948. Kopi zilizofika mwisho wa safari ya usambazaji nazo hazikurudishwa, maana nauli ilizidi thamani yake: huko Dawson City, Kanada, zaidi ya rili 500 zilifukiwa ardhini mwaka 1929, zikaibuliwa 1978, baridi ya udongo ikiwa imeziokoa nyingi.

Sasa chukua rula. Usiukunjue mkanda wote, vuta sentimita 20 tu za mwanzo. Upana wa mm 35 wenye matundu pande zote mbili uhesabu kuwa ni nitrati mpaka ithibitike vingine. Upana wa mm 16 ni wa asetati, plastiki ambayo haina hatari ya kulipuka moto namna hiyo. Kampuni ya Kodak iliuanzisha mwaka 1923. Ukiona tundu moja katikati, kati ya fremu (picha moja moja) na fremu, huo ni mm 9.5 wa kampuni ya Pathé, wa tangu 1922. Maandishi ya ukingoni yasikudanganye: neno "nitrate" linaweza kuwa limechapika kutoka kwenye negativu ya asili likaja kukaa juu ya mkanda salama wa asetati, na kinyume chake. Alama za Kodak za mviringo, mraba na pembetatu, zinazoonyesha mwaka mkanda ulipotengenezwa, nazo hujirudia kila baada ya miaka 20, kwa hiyo mraba mmoja ni 1917, au 1937, au 1957.

Mkanda wa Pathé una ujanja wake. Ili kubana matumizi, kadi ya maandishi ilipewa fremu chache tu, na ukingoni pakakatwa kipengee (pengo dogo) kinachoisimamisha projekta kwa sekunde kadhaa watazamaji wasome. Skana ya kisasa haikijui kipengee hicho. Maneno yanapita kama umeme, na mwenye mkanda anadhani pamekatwa. Sisi tunavitafuta vipengee kimoja kimoja na kuirefusha kila kadi kwa mkono. Ndiyo kazi inayokula muda kuliko zote.

Tunatoza kwa futi. Futi 400 za mm 16 ni fremu 16,000: kwa mwendo wa fremu 16 kwa sekunde ni dakika 16 na sekunde 40, kwa fremu 24 ni dakika 11 na sekunde 7. Kamera nyingi za enzi hizo zilizungushwa kwa mkono, na wachekeshaji walikuwa wakipunguza mwendo makusudi ili kwenye pazia watu waonekane wanakwenda mbio. Tunaskani kila fremu mara moja, mwendo tunauamua baadaye pamoja nawe.

Kabla ya hapo tunapima kusinyaa. Fremu 100 za mm 16 zinapaswa kuwa na urefu wa milimita 762. Zikipimwa 754, mkanda umesinyaa kama asilimia 1, na meno ya projekta yatachana matundu mfululizo. Mkanda wa namna hiyo tunaupitisha kwenye skana ya roli, isiyo na meno.

Harufu ya siki ni dalili ya asetati kuoza, na asidi inayotoka huongeza kuoza kwenyewe. Asetati mpya iliyowekwa kwenye nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 50 hufika hatua hiyo baada ya takriban miaka 40. Mombasa na Unguja joto kwa kawaida hupita nyuzi 21, kwa hiyo huko huoza mapema zaidi. Mkanda unaonuka utenge na mingine, ulegeze kifuniko cha kopo hewa ipite, na usiupake mafuta wala spiriti.

Mkanda wa mm 35 usiupakie kwenye basi wala usiutume kwa posta. Ukiwa umegeuka rangi ya kahawia, unanata au una mapovu, usiufungue. Uweke kivulini nje ya nyumba, mbali na jiko na nyaya za umeme, kisha ututumie picha ya kopo, lebo yake na ukingo wa mkanda kama unaonekana bila kuugusa. Lebo usiibandue hata kama imechakaa.