Ziara za Bagamoyo zisiwe za kupiga picha tu

Mhariri,

Majuzi nilimpeleka mwanangu Bagamoyo kwa ziara ya siku moja kutoka Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 75. Magofu ya Kaole, yenye msikiti wa karne ya 13, tuliyapita mbio mbio. Ufukweni, kwenye samaki, tulikaa mpaka tukachoka.

Lililoniuma ni pale penye mnara wa kumbukumbu ya waliopinga utawala wa Wajerumani. Mwongozaji alisema, "Hapa walinyongwa watu," akatuambia tupige picha. Basi! Hakueleza vita vya pwani vya 1888 na 1889, wala hakumtaja Bushiri bin Salim, kiongozi wa vita hivyo, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889. Mwanangu akaniuliza, "Baba, walikosa nini?" Ikabidi nimweleze mwenyewe, wenzetu wakiwa wameshapanda gari.

Kwenye misheni ya Kikatoliki tulisimuliwa habari za Livingstone, mmisionari na mvumbuzi Mwingereza kutoka Uskoti, ambaye maiti yake ilifikishwa hapo 1874. Lakini Chuma na Susi, waliokuwa mbele katika msafara ulioibeba kutoka nchi inayoitwa sasa Zambia, hawakutajwa kabisa.

Nawaomba waandaaji waanzie Kaole asubuhi, jua halijawa kali, na mjini wamtumie mwongozaji mzaliwa wa Bagamoyo anayeijua historia ya mji wake. Chakula kinaweza kungoja. Mimi niko tayari kuongeza nauli, na nadhani wazazi wengi wangekubali.

Msomaji wako,
Dar es Salaam