Haudenosaunee walikuwa wakulima, si wahamaji

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu wenyeji wa Amerika ya Kaskazini niliisoma kwa furaha hadi nilipofika sehemu ya Wairokwoi, muungano wa mataifa ya wenyeji hao. Mwandishi amewaita wawindaji waliohamahama wakifuata nyama, wakajikuta tu katika misitu ya New York. Naandika kutoka Syracuse, katika jimbo hilohilo. Nchi ya Waonondaga, mojawapo ya mataifa hayo, iko maili chache kusini mwa jiji hili, nami nalima bustani katika udongo waliouchagua wao. Sikuweza kunyamaza.

Wao wenyewe hujiita Haudenosaunee, watu wa nyumba ndefu. Mataifa matano ya mwanzo yalijipanga kutoka mashariki hadi magharibi kama familia zilizogawana vyumba chini ya paa moja: Wamohawk, Waoneida, Waonondaga, Wacayuga na Waseneca. Watuscarora walijiunga karne ya 18 wakitokea Carolina Kaskazini.

Tukitaka kujua kwa nini walikaa pale, tuanze na shamba. Maelfu ya miaka iliyopita barafu nene ilifunika nchi hii, ikasaga mawe ya chokaa na kuyaacha yamechanganyika na udongo tifutifu. Udongo huo mzuri umetanda katikati na magharibi mwa jimbo. Ukipanda kaskazini kwenye milima ya Adirondack, mambo hubadilika: udongo ni wa kichanga wenye tindikali, na jalidi, yaani umande ulioganda, huwahi kuanguka. Mahindi yanataka karibu miezi minne bila jalidi. Kule milimani watu walikwenda kuwinda, kisha wakarudi nyumbani. Huku chini ziwa Ontario na yale maziwa marefu membamba yanayoitwa Finger Lakes hupoa polepole, hivyo baridi huchelewa na mahindi hupata muda wa kukomaa.

Chakula chao kilisimama juu ya mahindi, maharage na maboga, ambayo waliyaita dada watatu. Maharage hupanda juu ya bua la hindi na kurutubisha ardhi. Majani ya boga hufunika udongo usikauke na kuzuia magugu. Marehemu mama yangu kule Kasulu alipanda vivyo hivyo, naye hakuwa amesikia habari za Waseneca. Nilipoona shamba la aina hiyo hapa kwa mara ya kwanza, nilisimama kando ya barabara nikaliangalia kwa muda mrefu.

Ni kweli kwamba vijiji vilihama, na nadhani hapo ndipo mwandishi wenu alipoteleza. Kila baada ya miaka 10 hadi 20 hivi rutuba ilipungua, kuni zikawa mbali, magome ya kuezekea nyumba yakaadimika na wadudu wakazidi. Basi kijiji kizima kilijengwa upya mahali pengine, mara nyingi kilomita chache tu kutoka pale pa zamani. Wanaume walifyeka msitu, wanawake wakalima, na mashamba yalikuwa ya koo zinazofuata upande wa mama. Mtu anayepumzisha shamba lake na kufungua jingine jirani hatumwiti mhamaji.

Sababu ya pili ni maji, nayo makala haikuigusa kabisa. Kutoka nchi hii mito huteremka pande zote: kuna inayoingia ziwa Ontario, Mohawk unaingia Hudson na kufika bahari ya Atlantiki, Susquehanna unakwenda kusini hadi ghuba ya Chesapeake, na Allegheny unaelekea Ohio na hatimaye Mississippi. Bonde la Mohawk ni njia adimu ya tambarare inayopenya milima ya Appalachia. Pale ulipo leo mji wa Rome wa jimbo hili la New York, msafiri alibeba mtumbwi wake nchi kavu kwa maili chache, akaushusha kwenye kijito kinachomfikisha ziwa Oneida na kisha Ontario. Aliyekaa hapo alishika mlango. Mfereji wa Erie, uliofunguliwa mwaka 1825, ulifuata bonde hilohilo.

Wapo wanaosema biashara ya ngozi na Waholanzi ndiyo iliyowaweka hapo. Waholanzi walijenga ngome yao Albany mwaka 1624, wakati vijiji na mashamba yalikuwepo zamani. Wataalamu wa mambo ya kale wanabishana kama mababu wa Haudenosaunee walikuwa hapo tangu awali au walipanda kutoka kusini wakiwa na mbegu za mahindi. Waseneca wana jibu lao: walitoka ndani ya kilima karibu na ziwa Canandaigua, na jina lao la asili maana yake ni watu wa kilima kikubwa. Jibu hilo nalo lilistahili mstari katika makala yenu.

Mwaka 1779, katika vita vya uhuru wa Marekani dhidi ya Uingereza, George Washington alimtuma Jenerali John Sullivan kuiangamiza nchi ya Haudenosaunee. Sullivan aliripoti kuteketeza vijiji 40 na mahindi yasiyopungua busheli 160,000, mbali na bustani za matunda zilizokatwa. Nani anatuma jeshi kuchoma mahindi ya watu wasiolima? Askari waliona uzuri wa ardhi ile, na baada ya vita baadhi yao wakarudi kuilima wenyewe.

Naomba mchapishe masahihisho, na jina Haudenosaunee liandikwe humo.

Msomaji wenu,
Syracuse, New York